Mwalimu Tryphena na Ubao wa Bombani

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati katika stesheni ya Voi, akingoja gari la moshi la Taveta. Ilikuwa Januari mwaka wa 1968, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikiandika tangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika reli. Namba za mabehewa, majina ya stesheni, HATARI, USIVUKE RELI, yote yalikuwa ya mkono wangu. Sikuendelea na masomo baada ya shule ya msingi, lakini nyapara wetu, Fanuel, alinipa brashi kwa sababu mkono wangu hautetemeki.

Nilipomaliza herufi ya mwisho nikasikia sauti chini.

"Fundi, lina maji hilo?"

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijivu na miwani, daftari limewekwa mapajani. Mimi nikizungumza na mtu nisiyemjua maneno hunikwama, lakini swali lilikuwa jepesi.

"Halina, mama. Limetoboka tangu mwaka jana."

"Na wewe umeandika MAJI."

"Nimeambiwa niandike."

"Na nani?"

"Nyapara."

"Naye ameambiwa na nani?"

"Sijui, mama. Labda Nairobi."

Akacheka, kisha akaandika kitu kwenye daftari. Fanuel alitoka ofisini akamwuliza kama amepotea. "Sijapotea," akasema. "Natazama kazi ya huyu bwana. Nimekaa Kampala miaka mitatu nikisomea sanaa, na sijaona kitu kama hiki." Fanuel alidhani tunachekwa, akanuna. Hata mimi nilidhani hivyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alisema kweli tupu.

Jina lake lilikuwa Tryphena Wakio, mzaliwa wa Chawia. Mwaka uliofuata aliletwa kufundisha katika shule ya msingi iliyokuwa chini ya vilima vya Mbololo, karibu na ploti nilikokuwa nikiishi na mke wangu. Upande ule tulikuwa tumechanganyika. Wadawida walikuwa wameteremka kutoka vilimani kulima bondeni, na sisi Wakamba tulikuwa tumefuata kazi ya reli na ya mkonge. Jumamosi moja akabisha hodi kwangu.

"Nakutafuta wewe wa tangi," akasema. Akanipa karatasi yenye neno moja, MTO, na ubao wa sanduku la chai. Akataka niandike kwa rangi ileile ya reli, nyeusi juu ya nyeupe.

Nikamwuliza kwa nini asiandike mwenyewe, naye ndiye aliyesomea mambo hayo.

"Nikiandika mimi watatazama mwandiko wangu. Ukiandika wewe watasoma kama wanavyosoma HATARI."

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka minane. Yeye aliandika maneno kwenye karatasi na kusema yasimamishwe wapi. Mimi niliyaandika kwenye ubao jioni baada ya kazi ya reli. Hakushika brashi hata siku moja. Karatasi zake nilizihifadhi zote ndani ya bahasha ya kaki, na yeye alijua kwamba nazihifadhi.

Ule ubao wa MTO tuliusimamisha katikati ya mto uliokauka, mwaka ule wa ukame mkubwa ambapo hata ndovu walikufa. Watu walipita hapo wakiwa na viatu miguuni, wakacheka.

"Mwalimu, hata kipofu anajua huu ni mto," mtu mmoja akamwambia.

"Kama ni mto, mbona umevuka bila kuvua viatu?"

Yule mtu akatazama viatu vyake. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, na kesho yake nikamwona amemleta mkewe aone.

Si wote walioelewa. Ndugu yake, Zephaniah, alikuwa na duka dogo Mwatate, na kila akija Mbololo alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Dada, kijiji kizima kilichangia masomo yako. Picha ziko wapi? Chora basi hata twiga, watalii wanunue."

"Twiga wako mbugani, kaka. Wanajionyesha wenyewe."

"Basi chora Bwana Yesu tuweke kanisani."

"Nitamkosea pua, nanyi mtanilaumu mpaka kiama."

Zephaniah alicheka, lakini alirudi na huzuni. Nadhani alikuwa amewaahidi watu kitu cha kutundika ukutani.

Darasani alifundisha masomo yote, Kiswahili zaidi. Aliwatoa darasa la sita nje, kila mtoto akakaa mahali pake peke yake na kuandika kila sauti anayoisikia mpaka kengele ilie. Wazazi waliuliza kama huo ni mchezo au ni masomo. Lakini watoto wale walikuja kuandika insha ambazo mwalimu mkuu alizisoma mwenyewe mbele ya shule. Yeye mwenyewe aliandika vijitabu vidogo, akavichapa kwa mashine ya mkono ya shule, ile ya kutolea mitihani, wino ukimchafua vidole. Kila ukurasa ulikuwa na jambo moja la kufanya. Ninavyo viwili mpaka leo. Ukurasa mmoja unasema: "Rudi mahali ulipochekwa. Simama hapo mpaka uchoke." Mwingine: "Azima kiti cha jirani yako. Kaa nacho siku moja bila kukikalia. Mrudishie." Wanafunzi wake walivipeleka vijitabu hivyo nyumbani, na kuna majirani waliosalimiana kwa mara ya kwanza kwa sababu mmoja alikuja kuazima kiti.

Siku moja nilimwuliza kama haimwumi kuona mbao zetu zinaliwa na mchwa au zinang'olewa kuwa kuni. Akasema hapana. "Mbao zinaweza kwisha zote, Fundi. Mimi darasa tu. Wakininyang'anya darasa, sijui nitakuwa nani." Alisema hivyo akiwa anafunga kamba za viatu, bila kuninyanyulia macho, nami nikajua ni jambo alilokwisha kulifikiria sana.

Sasa nieleze habari ya bomba.

Shule ilikuwa na bomba moja la maji, na kijiji kizima kilichota hapo. Wenzetu wa vilimani walisema bomba lililetwa na kanisa lao. Sisi tulisema mtaro tulichimba sisi. Maji yalipokuwa mengi hayo yalikuwa maneno ya kuchekesha foleni. Lakini kiangazi cha mwaka wa 1976 maji yalikuja saa mbili tu kwa siku, na siku moja kukawa na vita vya madebe. Mbula, binti wa jirani yangu Mbithe, alipigwa na ukingo wa debe, akashonwa nyuzi saba kichwani. Hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyempiga. Kuanzia siku hiyo watoto wa huku wakakaa upande huu wa darasa, wa kule upande ule. Mwalimu Tryphena aliniambia kwamba wasichana wawili waliokuwa wakisoma kitabu kimoja walikuwa wamekikata katikati kwa wembe.

Wiki hiyohiyo mama yake akaugua sana, akaitwa Chawia. Alipita kwangu akiwa mbioni, hakunikuta, akamwachia mke wangu karatasi. Ilisema ubao usimamishwe bombani Jumatatu. Chini yake kulikuwa na maneno ya kuandika: KILA MTU ALETE FUNDA LAKE. ALIACHE HAPA.

Nilikaa nayo karatasi ile jioni nzima. Fundo nililijua, la kamba na la moyo. Funda sikuwahi kulisikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mwalimu aliwahi kusahau herufi katika neno, nikaiweka, naye akanishukuru. Na kule reli, kosa la herufi moja lilitosha kukupatia barua ya onyo. Basi nikaona hili nalo ni haraka ya mtu mwenye mgonjwa. Nikaandika FUNDO. Jumatatu asubuhi nikausimamisha ubao penye waya wa ua wa bomba, nikaenda kazini.

Jioni Mbithe alinikuta barabarani, debe kichwani.

"Baba Mwendwa, wewe ndio umeandika ile kitu ya bombani?"

"Nimeandika. Maneno ni ya Mwalimu."

"Sasa hiyo fundo ni ya kamba ama ni ya roho?"

"Sijui. Mwalimu ndiye anajua."

"Basi mimi naleta ya kamba," Mbithe akasema, "kwa sababu ile ya roho imekataa kutoka."

Kesho yake nilipopita, kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo kwenye waya. Kilikuwa kile kitambaa alichofungwa Mbula kichwani, damu imekauka imekuwa kama kutu. Sikukigusa. Siku ya tatu kulikuwa na pindo la leso pembeni yake, na leso hiyo ilikuwa ya mwanamke wa upande wa pili. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Watu walileta kamba za mkonge, kamba za viatu, vipande vya neti na vya gunia. Kulikuwa na tai moja ya mwanamume. Wengine walifunga mafundo madogo kama punje, wengine makubwa kama ngumi. Foleni ikawa na jambo jipya la kuzungumza.

"Lile kubwa pale ni la nani?"

"La mama mkwe wangu hilo."

"Amelifunga yeye?"

"Nimelifunga mimi, kwa ajili yake!"

Wakacheka, na niliona waliocheka walikuwa wa pande zote mbili. Sisemi kwamba walipatana. Nasema kwamba siku ile mtu alishika debe la mwenzake asiye wa kwao akalisogeza mbele, na hakuna aliyepiga kelele.

Mwalimu alirudi baada ya wiki mbili, amevaa nguo nyeusi. Mama yake alikuwa amefariki. Nilimfuata bombani. Alisimama mbele ya waya ule akatazama fundo moja moja, mpaka mwisho.

"Nani amewaambia wafunge?"

"Ubao," nikasema.

Akausoma ubao. Akavua miwani, akaifuta kwa nguo, akaivaa, akasoma tena.

"Kuna makosa, Mwalimu?"

"Hapana," akasema. "Usiguse kitu chochote."

Namna alivyosema ilinitia wasiwasi. Nikaichukua karatasi ile nikaenda nayo Voi mjini kwa Mzee Athmani, mzaliwa wa Pwani mwenye duka la nguo, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake.

"Funda?" akasema. "Bwana, funda ni maji yaliyojaa kinywani. Mtu akisukutua kinywa hupiga mafunda. Kwani nyinyi huko mwaliitaje?"

Nilirudi nyumbani nikamwuliza mzee mmoja wa Kidawida, naye akanieleza lililobaki. Zamani kwao kulikuwa na kutasa. Mtu mwenye hasira na nduguye alijaza kinywaji mdomoni, akakinyunyiza nje, akasema lililo moyoni, na hasira ikamtoka. Bibi yake Mwalimu alikuwa hodari wa jambo hilo. Hapo nikaelewa alichotaka. Watu wa pande zote waje bombani, kila mtu ajaze maji ya bomba lile kinywani, ayateme pale palipomwagika damu ya mtoto. Nami nilikuwa nimekiua kitu hicho kwa herufi moja, na mahali pake nikapanda kingine nisichokijua.

Nilikusudia kumwambia. Nilijiambia nitamwambia Jumamosi, kisha Jumamosi nyingine.

Kabla sijafika huko, mambo yakageuka. Mwanamke mmoja upande wa vilimani mimba yake iliharibika, na mwezi uliofuata mwingine upande wetu. Mambo kama hayo hutokea kila kiangazi. Lakini safari hii watu walikuwa na kitu cha kutazama. Walianza kusema: fundo ni kufunga. Nani asiyejua kwamba tumbo la mwanamke hufungwa kwa fundo? Mwalimu ambaye hajaolewa, ambaye hana mtoto, ameweka mafundo mia kwenye maji tunayokunywa. Waliofunga kwa mikono yao wenyewe wakaja alfajiri kufungua, wakakuta mafundo yamekaza kwa umande na jua, wakaogopa zaidi.

Mkutano uliitwa kanisani Jumamosi mchana. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Thadeus, mtu wa haki, sitamsema vibaya. Alitaka kusikia. Nilikaa karibu na mlango, karatasi ya Mwalimu ikiwa ndani ya mfuko wa shati langu. Nilikwenda nayo kwa kusudi. Kulikuwa na jambo moja tu la kuamua siku ile, na kila mtu alilijua: kama Mwalimu Tryphena ataendelea kufundisha au la.

"Mwanangu," Mzee Thadeus akamwambia, "mimi sisemi wewe ni mchawi. Watu wanasema. Mimi nauliza. Wewe ndiye uliyewaambia watu walete mafundo?"

"Ubao ni wangu, Mzee."

"Siulizi ubao. Nauliza neno. Fundo ni neno lako?"

Mwalimu aliweka mikono juu ya mkoba wake. Akasema, "Lililo kwenye ubao wangu ni langu."

Mbithe akasimama bila kuitwa. "Mimi nilikuwa wa kwanza kufunga. Na sikufunga tumbo ya mtu! Nilifunga hasira yangu, kwa sababu ilikuwa inanikula mimi na watoto yangu. Kama ni uchawi, nishikeni mimi."

"Kaa chini, mama, zamu yako haijafika," mtu akapaza sauti.

"Zamu yangu ilipita siku mtoto wangu alipasuliwa kichwa, na hakuna mkutano uliitwa!"

Walimkalisha. Mzee Thadeus akazungusha macho. "Kuna mtu mwenye jambo la kusema kuhusu ubao huu? Mtu anayejua jinsi ulivyoandikwa?"

Wote walijua mwandiko ni wangu. Waliniona kama mtu anavyoiona brashi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika karatasi. Ilikuwa ni kusimama tu, na kusema: neno lake lilikuwa lingine, hili hapa kwa mkono wake, mimi ndiye niliyelibadilisha. Sikuogopa kufukuzwa reli. Watu wamewahi kuniambia niseme kwamba niliogopa hilo, ingekuwa na heshima zaidi. Lakini niliogopa zile nyuso kugeuka zote kwa pamoja. Miguu haikunyanyuka.

"Nauliza tena," Mzee Thadeus akasema. "Kuna mtu?"

Mwalimu hakunitazama. Nilitazama sakafu.

Barua ilikuja kabla ya Pasaka ya mwaka wa 1977. Haikutaja uchawi. Ilisema amekwenda kinyume cha maadili ya shule. Siku ya kuondoka kwake darasa la sita zima walimbebea vitu mpaka stendi, watoto wa huku na wa kule, na Mbula ndiye aliyebeba miwani ndani ya kifuko chake kama yai. Ua wa bomba ulikatwa, waya na vitambaa vikachomwa kwa mafuta ya taa. Ubao wangu nao ulichomwa.

Miaka iliyofuata nasimulia kwa kusikia. Alirudi Chawia kwenye shamba la mama yake, akapanda mahindi na kunde. Miaka miwili hakuandika kitu. Kisha serikali ikaanzisha masomo ya watu wazima, yale tuliyoyaita ngumbaru, na Chawia hawakuwa na mwalimu. Wakamwendea. Hakuna aliyemwuliza habari za Mbololo. Akapata darasa tena, la akina mama wenye magoti mabovu waliokuja na majembe wakayaegemeza ukutani.

Kila mama aliyeweza kuandika jina lake kwa mara ya kwanza alipewa chaki, akaliandika kwenye mwamba ulio kando ya njia ya kwenda kisimani. Mvua ilipofuta, alirudi akaandika tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake Mwalimu, na ilidumu miaka sita. Mtu aliyefariki jina lake halikurudishwa baada ya mvua, na watu walijifunza kuupita mwamba polepole. Mwaka wa 1982 alikuja bwana mmoja msomi kutoka Nairobi na kamera, akapiga picha, akasema hiyo ni sanaa ya wazo na kwamba Ulaya wako watu wanaoifanya. Zephaniah aliniambia dada yake alimpa yule bwana chai, akamwuliza kama hao wa Ulaya nao mvua huwafutia. Vijitabu viliendelea. Aliandika vitatu akiwa Chawia.

Kwangu haikuja karatasi hata moja. Mara mbili nilimwona soko la Mwatate. Alinisalimia kwa jina, akamuulizia mke wangu, nami nikajibu na kusema nina haraka.

Mwaka wa 1986, mwezi wa Agosti, Zephaniah alikuja stesheni akanikuta nikiandika behewa. "Mzee Maundu," akasema, "dada anaumwa kifua. Hajakuita. Nimekuja kwa akili yangu mwenyewe."

Nilikwenda Jumapili. Niliikuta nyumba kwa kuuliza. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba nje juani, mablanketi mawili, amebaki macho na miwani. Baada ya siku hiyo aliishi wiki tano, nami sikumwona tena, hata maziko yalinipita kwa kuwa nilikuwa zamu Taveta na habari ilichelewa. Kwa hiyo niliyonayo ni ya mchana ule.

Nilitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekatika penye mikunjo.

"Nina kitu chako, Mwalimu."

Aliisogeza karibu na uso. "Funda," akasoma. "Na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hakuna pa kukosea."

"Nilibadilisha mimi. Nilidhani umekosea."

"Najua, Fundi. Nilijua siku niliporudi kutoka kumzika mama."

"Mbona hukusema pale kanisani?"

Alipumzika kwanza. Kifua kilimsumbua. "Ningesemaje si yangu? Mimi nilitaka wateme maji waende zao. Wewe uliwapa kitu cha kufanya kwa vidole. Mbithe alifunga damu ya mtoto wake pale mbele ya walioimwaga. Mimi nisingeweza kufikiria kitu kama hicho, na nilikuwa nimesomea. Ningekikana ili nipate kukaa darasani, ningewafundisha nini wale watoto?"

"Basi hukunikasirikia."

"Nilikukasirikia sana," akasema. "Miaka yote hii. Lakini si kwa ajili ya herufi. Mzee Thadeus aliuliza mara mbili, nami nilijua karatasi zangu zote unazo. Sikutaka uniokolee darasa. Nilitaka mtu mmoja asimame, nisiwe peke yangu mbele ya watu wale."

Msichana mmoja wa pale nyumbani alileta chai, ikakaa kati yetu ikapoa. Nilitaka kueleza habari ya miguu yangu, kwamba ilikataa. Nikaona haisaidii mtu.

"Nilikosa, Mwalimu," nikasema. "Karatasi ilikuwa mfukoni, nilikuwa nimeishika. Nisamehe."

Alinikunjia karatasi, akanirudishia, akaushika mkono wangu kwa muda.

"Umechelewa miaka tisa, Fundi, lakini umesema. Sasa nenda, gari la mwisho la kwenda Voi huondoka Mwatate saa kumi."